IST isiyo na redio: kisa cha betri iliyokufa kila Jumatatu

Shemeji yangu anaendesha Toyota IST hapa Dar es Salaam, anabeba abiria wanaoita gari kwa programu ya simu. Wiki tatu mfululizo alinipigia Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, na maneno yalikuwa yale yale: "Shemeji, gari imegoma tena." Jumanne gari linawaka, Ijumaa linawaka. Jumatatu tu ndiyo linagoma. Mara ya kwanza tulibusti kwa betri ya jirani. Mara ya pili akanunua betri mpya. Mara ya tatu betri hiyo mpya nayo ikakutwa imelala, nikamwambia asimwite mtu mwingine, nakuja na mita ya kupimia umeme.

Gari hilo halina redio. Mahali pa redio pana kifuniko cheusi cha plastiki chenye tundu moja la USB, na muziki wote unatoka kwenye simu. Ninakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu wateja wengi siku hizi wanataka kufanya alivyofanya shemeji: kutoa kabisa redio ya dashibodi, wabaki na simu, amplifaya na spika. Inawezekana, na ikifungwa vizuri sauti yake ni safi kuliko ya redio nyingi. Lakini redio ya gari ina kazi nyingi ambazo mtu hazioni mpaka itolewe, na kazi yoyote ambayo haikupewa mwenyewe mpya inarudi kama ugonjwa. Katika gari la shemeji magonjwa yalikuwa matatu, na betri ilikuwa mmoja wao tu.

Redio ilivyotoka

Gari lilipotoka bandarini lilikuwa na redio yake ya Kijapani, ile yenye skrini na ramani za DVD. Aliyewahi kununua magari haya anaijua adha yake. FM ya redio za Japani za miaka ile inaanzia megahezi 76 na kuishia 90, wakati stesheni zetu zimetawanyika kati ya 88 na 108. Unapata chache za mwanzo, nyingine zote huzifikii. Mafundi hufunga ekspanda, kidude kinachokaa kati ya antena na redio na kuyashusha masafa yote kwa kiasi kimoja. Ikishusha kwa megahezi 14, stesheni ya 100.0 unaikuta kwenye 86.0. Dereva anazoea kuikariri kila stesheni kwa namba isiyo yake.

Shemeji aliishi hivyo hadi siku alipobadilisha betri. Redio ilipokosa umeme kwa dakika chache ikasahau kila kitu, ikaamka na maandishi ya Kijapani ikidai diski ya ramani. Diski yenyewe haikuja na gari. Akaitoa, akafunga skrini kubwa ya Android, na hiyo ilikaa miezi minne. Usiku mmoja vibaka wakavunja kioo cha mlango wa nyuma, wakaondoka nayo, wakamwachia nyaya zinaning'inia.

Ndipo akasema hataki tena kitu cha kuvutia macho kwenye dashibodi. "Muziki wangu uko kwenye simu, ramani iko kwenye simu, abiria wako kwenye simu. Skrini ya nini, shemeji?" Nilikubaliana naye na mpaka leo nakubaliana naye. Uamuzi ulikuwa sawa. Ufungaji ndio uliokosewa.

Fundi aliyemfungia alitumia ile bodi ya MP3 tunayoijua wote, inayowekwa kwenye masabufa ya nyumbani: ina USB, tundu la memori kadi, FM na Bluetooth. Kutoka hapo sauti ikaenda kwenye amplifaya ya chaneli nne chini ya siti ya dereva, kisha kwenye spika nne za milangoni kwa kupitia nyaya za zamani za redio. Mpangilio wa namna hiyo ni mzuri. Tatizo lilikuwa umeme.

Ampea 0.9 zisizolala

Kabla ya kufungua chochote nilipima gari linakula nini likiwa limezimwa. Unalegeza tamino ya hasi ya betri, yaani kile kibano cha waya, unaweka mita kati ya tamino na nguzo ya betri ikiwa kwenye alama ya ampea 10, unafunga milango yote na kusubiri dakika chache taa za ndani na kompyuta zitulie. Usithubutu kuwasha gari mita ikiwa hapo, starta itaichoma. Gari zima kiafya hushuka chini ya ampea 0.05. Kwa gari la shemeji mita ilisimama kwenye 0.9, haikucheza.

Fanya hesabu. Betri ya IST ile ni ndogo, Ah 35, yaani ampea-saa: ampea moja kwa saa moja ni Ah 1. Siku za kazi anaegesha saa nne usiku na kutoka saa kumi na moja alfajiri, saa saba, na kwa ampea 0.9 anapoteza kama Ah 6. Gari linawaka na wala hajui kuna kinachonyonya. Jumapili haendeshi. Jumamosi anaegesha saa tatu usiku, anarudi kwenye gari Jumatatu alfajiri, saa 32 zimepita, na betri imetoa karibu Ah 29 kati ya 35. Hakuna starta inayozunguka kwa kilichobaki. Muda wote tulioitafuta siri ya Jumatatu, siri yenyewe ilikuwa mapumziko ya Jumapili.

Niliposogeza siti nikaona taa ndogo ya bluu ya amplifaya inawaka, funguo ziko mfukoni mwa mwenyewe.

Amplifaya ya gari ina nyaya tatu za umeme. Wa chanya, wa ethi, yaani hasi inayokwenda kwenye chuma cha gari, na mwembamba wa tatu tunaouita rimoti. Huo wa tatu haubebi mzigo, unabeba amri: ukipata volti 12 amplifaya inaamka, ukikosa inalala. Katika gari la kawaida redio ndiyo inayotoa amri hiyo kupitia waya wa bluu wenye mstari mweupe. Redio ikiondoka, hakuna wa kuamuru. Fundi alilijua hilo nusu. Aliuunganisha waya wa rimoti na umeme, ila aliunganisha na umeme wa moja kwa moja usiozimika, akapata muziki, akakabidhi gari.

Nyuma ya kifuniko cheusi soketi ya zamani ya Toyota ilikuwa bado na nyaya zake. Kwa magari mengi ya Toyota, waya wa kijivu ni umeme unaokuja ufunguo ukifika ACC, ile hatua ya kabla ya kuwasha injini, wa bluu wenye mstari wa njano ni umeme wa kudumu, wa kahawia ni ethi. Siamini rangi kabla ya kupima, maana magari yaliyotumika huwa yamepita mikononi mwa mafundi wengi, lakini hili lilikuwa sahihi. Nikauhamisha waya wa rimoti kutoka bluu-njano kwenda kijivu, nikaweka na fyuzi ndogo. Mita ikashuka hadi 0.02. Kazi ya dakika kumi, na ilikuwa imekula betri mbili.

Waya uliopikika

Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilipouvuta ule waya wa bluu-njano ili niukague, solotepu iliteleza yenyewe, gundi yake imegeuka uji. Chini yake ngozi ya waya ilikuwa imebadilika rangi kwa urefu wa kidole, bluu imekuwa kahawia yenye kung'aa, na nilipoibonyeza kwa ukucha iliacha alama kama nta. Plastiki ya soketi kwenye pini ile nayo ilikuwa imelegea. Nikamwonyesha shemeji. Alikaa kimya, kisha akasema kuna siku abiria alilalamika harufu ya kitu kinachoungua, akadhani ni takataka za barabarani.

Fundi alichukua umeme wa amplifaya kutoka kwenye waya wa redio. Waya huo kiwandani umewekwa kwa ajili ya redio inayokula ampea chache, na ulilindwa kwa fyuzi ya 15. Amplifaya ya shemeji ni ya aina ya AB, wati 50 kwa kila chaneli. Ukiipa yote, inatoa wati 200, na kwa kuwa aina ya AB hupoteza karibu nusu ya umeme wake kama joto, inavuta ampea 26 hivi injini ikiwa inanguruma. Fyuzi ya 15 ilikatika, kama inavyopaswa. Nikaifungua boksi ya fyuzi: mahali pa 15 pamekaa ya 30.

Hapa lazima nisimame, kwa sababu ni jambo ninaloliona kila wiki na linaniumiza. Fyuzi hailindi redio wala amplifaya. Fyuzi inalinda waya. Namba yake imechaguliwa ili ikatike kabla waya haujapata moto wa kuyeyusha ngozi yake. Ukiweka fyuzi kubwa kuliko waya, umeugeuza waya wenyewe kuwa fyuzi, na utakatika kwa kuungua, ndani ya dashibodi, kando ya kapeti na sponji, mtu amekaa mbele yake. Chukua waya wa milimita mraba 1.25 wenye urefu wa mita tatu. Ukipitisha ampea 15, wati 9 na kitu zinabaki ndani ya waya kama joto, na kama umeviringishwa solotepu pamoja na wenzake joto hilo halina pa kwenda. Ampea zikifika mara mbili, joto halizidi mara mbili, linazidi mara nne. Fyuzi ikikatika mara ya pili, tafuta kwa nini. Usitafute kubwa zaidi.

Nikavuta waya mpya kutoka betri hadi chini ya siti, wa milimita mraba 10. Dukani nilichagua kwa wembe. Nyaya nyingi za seti za amplifaya zinazouzwa kwa mbwembwe ni alumini iliyopakwa shaba. Unene unaouona ni wa plastiki, na hata kilichomo ndani kina ukinzani zaidi ya mara moja na nusu ya shaba halisi. Unakwangua uzi mmoja: ukitoa weupe ndani, ni alumini, rudisha. Huu ulikuwa mwekundu hadi katikati. Fyuzi ya 40 niliiweka sentimita 15 tu kutoka kwenye nguzo ya betri, kwa sababu kipande kilichoko kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote, kwa hiyo kiwe kifupi iwezekanavyo. Waya ulipopenya ukuta wa injini niliupitisha kwenye raba, maana tundu tupu la bati ni msumeno: mtikisiko wa barabara utafika kwenye shaba siku moja. Ethi niliikaza kwenye bolti ya siti baada ya kukwangua rangi hadi chuma king'ae, nusu mita kutoka kwenye amplifaya. Fyuzi ya 15 ikarudi mahali pake.

Mluzi

Sasa gari likawa salama. Tukawasha, na ule ugonjwa wa pili ukajitokeza, ambao shemeji alikuwa ameshauzoea. Ukikanyaga mafuta, spika zinapiga mluzi unaopanda na injini. Ukiachia, unashuka. Muziki ukiwa juu husikii, lakini anaposubiri abiria foleni ya Ubungo na amepunguza sauti, mluzi ndio unaoimba.

Wengi wakisikia mluzi wanakimbilia kununua kichujio cha kuweka kwenye waya mkubwa. Mimi kwanza nataka kujua unaingilia wapi. Nilichomoa nyaya za sauti kwenye amplifaya: kimya kabisa. Amplifaya haina kosa, na umeme wake hauna kosa. Nikachomeka simu moja kwa moja kwa waya wa jeki, simu ikitumia betri yake: kimya. Nikaiweka simu ile ile kwenye chaja ya gari: mluzi. Hapo jibu limepatikana. Kifaa cha muziki kikila umeme wa gari, ethi yake inafika kwenye chuma cha gari kwa njia mbili, moja kupitia waya wake wa umeme, nyingine kupitia ganda la waya wa sauti hadi kwenye amplifaya. Sehemu hizo mbili za chuma hazina volti sawasawa, kwa sababu alteneta, jenereta inayozungushwa na injini, inasukuma ampea nyingi ndani ya bodi ya gari. Tofauti ndogo kati yake inapita kwenye waya wa sauti, na amplifaya inaikuza kwa uaminifu kama inavyoukuza muziki. Redio ya kiwandani inakabiliana na hili ndani ya mzunguko wake. Bodi ya MP3 haina ujanja huo.

Dawa ya kawaida ni zile transfoma ndogo za kuweka kwenye nyaya za sauti. Zinafanya kazi, ila za bei rahisi zinakula besi, na shemeji ni mtu wa taarabu, hawezi kusamehe besi iliyokonda. Nikaenda upande wa umeme: kibadilisha-umeme kilichotengwa, ambacho volti za kuingia na volti 5 za kutoka hazishiriki ethi. Angalia kiwango chake cha kupokea. Vile vidogo vya bei ya chini vimetengenezwa kwa volti 12 kamili, na gari likiwaka linatoa hadi 14.4, vinakufa mapema. Nilichukua cha volti 9 hadi 18. Bodi ya MP3 ikala kutoka hapo, na njia ya pili ya ethi ikakatika. Nikakanyaga mafuta. Kimya.

Shemeji akapiga makofi, mimi nikaanza kurudisha vitu. Nikachomeka antena ya gari kwenye bodi ili FM ishike vizuri, nikawasha tena, na mluzi ukarudi.

Nilikaa pale kwenye siti ya abiria dakika kadhaa nikifikiri kibadilisha-umeme kimekufa. Hakikufa. Waya wa antena una ganda la shaba, na ganda hilo limekazwa kwenye bati la paa. Nilipoichomeka antena niliirudishia bodi ethi ya gari kwa mlango wa nyuma. Nikaichomoa, nikakata waya wa kawaida wa sentimita 75, nikaulaza kando ya nguzo ya kioo cha mbele chini ya plastiki. Urefu huo una sababu: mawimbi ya megahezi 100 yana urefu wa mita 3, na robo yake inatosha kuwa antena. Stesheni za jijini zinashika safi. Akielekea Kibaha baadhi zinaanza kukwaruza, na hilo tulikubaliana ni bei ya kimya.

Kitasa

Ugonjwa wa tatu haukuwa na harufu wala mluzi, na kwangu ndio uliokuwa mbaya kuliko yote baada ya ule waya. Gari halikuwa na kitu cha kupunguza sauti kwa mkono. Bodi ilikuwa imefichwa nyuma ya kifuniko, vitufe vyake havifikiki. Kupunguza sauti ilibidi aguse simu, na simu iko kwenye ramani. Kila bodi ilipowaka ilianza na sauti yake ya juu, na yule mwanamke wa ndani ya bodi akitangaza kwa Kiingereza kwamba Bluetooth iko tayari. Abiria mmoja alipanda na mtoto aliyelala. Mtoto akaamka akilia hadi Mwenge, na mama yake akampa shemeji nyota mbili.

Dereva anayepishana na bodaboda hapaswi kutafuta kitu kwenye kioo cha simu. Anahitaji kitasa anachokishika bila kutazama. Kwa maoni yangu mtu asiyeweka kitasa asitoe redio, abaki nayo. Kile kitasa kinachokuja na amplifaya nyingi hakisaidii, kinarekebisha besi peke yake. Nilitumia poteshomita, kipinga-umeme cha kuzungusha, ya kilo-omu 10, mbili kwenye shafti moja, ya kushoto na kulia, nikaiweka katikati ya bodi na amplifaya, kitasa kikatokeza kwenye kifuniko cheusi karibu na gia. Iwe ya aina ya logi. Sikio linasikia kwa uwiano, kwa hiyo ukiweka ile ya mstari mnyoofu, robo ya kwanza ya mzunguko inamaliza sehemu kubwa ya sauti na robo tatu zilizobaki zinabadilisha kidogo. Mteja atakuambia kitasa kibovu, kumbe ni aina.

Nikaongeza swichi ya pande mbili pembeni yake. Juu ni kipokezi kidogo cha Bluetooth nilichokileta mwenyewe, kisichosema neno, chini ni ile bodi ya zamani kwa ajili ya FM. Vyote viwili vinakula kwenye kile kibadilisha-umeme kilichotengwa. Nilitaka kuitupa bodi, shemeji akakataa, na alikuwa na haki. Kusikiliza redio kwa intaneti si bure. Mkondo wa kilobiti 64 kwa sekunde unakula karibu megabaiti 29 kwa saa, ule wa 128 unakula 58. Mtu anayekaa barabarani saa kumi na mbili anamaliza megabaiti 350 hadi 700 kila siku kwa taarifa ya habari na mpira, na bando hilo hilo ndilo linalomletea abiria. Tena hii bodi ya bei ndogo inashika 87.5 hadi 108, FM yetu yote, kitu ambacho ile redio ya fahari ya Kijapani haikuwahi kufanya.

Kupanga nguvu

Baada ya hapo ni kazi ya utulivu, nayo hufanywa mara chache. Kile kitufe cha geini kwenye amplifaya watu wanakizungusha hadi mwisho wakidhani ni sauti. Kinachofanya ni kulinganisha kinachotoka kwenye chanzo na kinachopokewa na amplifaya. Redio nzuri inatoa volti 2 hadi 4, vipokezi vya Bluetooth huwa vinatoa volti 1 au pungufu, kwa hiyo kila chanzo kinahitaji mpango wake.

Niliziondoa spika kwenye amplifaya, nikazima vichujio, simu na kitasa nikaviweka mwisho, nikapiga toni ya hezi 200. Mita nyingi za bei ya kawaida hazisomi vizuri toni za juu, ndiyo maana sitaki ile ya 1,000. Kisha nikapima volti za AC, yaani za umeme unaogeuka-geuka, kwenye matundu ya spika huku nikiinua geini polepole. Wati 50 kwenye spika ya omu 4 ni volti 14.1. Lakini spika za IST ni karatasi za kiwandani, sitaki kuzipa wati 50. Nilisimama kwenye volti 10, ambazo ni wati 25, na kwa spika za nyuma nikasimama chini kidogo ili sauti ikae mbele. Sasa shemeji hata akikizungusha kitasa hadi mwisho, haiungui spika. Nikarudisha kichujio cha kuzuia besi nzito chini ya hezi 80, maana spika ya mlangoni ikilazimishwa kucheza hizo inapoteza nguvu kwa kutikisika bure.

Mlango wa nyuma kushoto ulikuwa na besi iliyokimbia. Nikagusisha betri ya tochi ya volti 1.5 kwenye nyaya zake: kawa la spika likavutwa ndani badala ya kusukumwa nje. Chanya na hasi vimebadilishana. Nikageuza, na kifua cha muziki kikarudi bila kuongeza hata wati moja.

Nani asifanye

Kama gari lako ni la miaka ya karibuni na redio yake ndiyo inayoonyesha kamera ya nyuma, kiyoyozi na mipangilio ya gari, iache. Huko redio imeshonwa kwenye mtandao wa kompyuta za gari na ukiitoa unatoa vingi pamoja nayo. IST ya 2004 haina hayo. Na yeyote anayetegemea simu moja ajue kwamba siku simu ikiisha chaji, amebaki na FM tu. Jambo jingine ni simu za kuongea: kipokezi nilichofunga hakina maiki, kwa hiyo sauti ya anayepiga inatoka kwenye spika lakini shemeji anajibu kwa maiki ya simu iliyoko kwenye kishikio. Barabara ya mbio watu hawamsikii vizuri. Anasimama pembeni, na mimi napenda hivyo.

Mita yangu nilimwachia. Jumatatu iliyofuata, saa kumi na moja kasoro, alinitumia picha ya mita juu ya betri: 12.5. Chini yake ameandika, "Shemeji, imewaka mkupuo mmoja." Kuna kasoro moja haijaisha. Anapozungusha ufunguo kuwasha, umeme wa ACC unakatika kwa nukta, kipokezi na amplifaya vinazima na kuamka pamoja, na spika zinatoa mlio mmoja mzito, "pu!" Hauumizi kitu, ila abiria wanashtuka. Nimeshapata rilei, swichi inayoendeshwa kwa umeme, ya kuuchelewesha waya wa rimoti kwa sekunde mbili, nitaifunga Jumapili hii akiwa amepumzika.